The Quiet Man kwenye Blu-ray: Maureen O'Hara akiwa kwao

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani ipo diski moja tu: The Quiet Man ya John Ford, filamu ya 1952, toleo la Olive Signature lililotoka 2016. Tunaichambua kwa ajili ya mtu mmoja, mwigizaji Maureen O'Hara. Wapo watakaokwambia uanze na Miracle on 34th Street. Nzuri, sikatai, lakini ile haina rangi, na mle yeye ni mama wa New York. Humu yuko kwao, Ayalandi.

Kabla hujalipa, geuza kasha utazame alama ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imeruhusiwa kuchezwa. Hili ni toleo la Marekani, kanda A, na deki za Blu-ray za Afrika na Ulaya ni kanda B. Ukiitia, deki itaizungusha kidogo halafu iikatae. Diski haina ubovu wowote, ni kufuli tu. Kama deki yako haichezi kanda zote, tafuta toleo la Uingereza.

Sasa picha. Imetokana na skani ya 4K ya negativu yenyewe, na hapo ndipo thamani ya diski ilipo. Kamera ya Technicolor ya siku zile haikutumia mkanda mmoja wa rangi. Prizimu nyuma ya lenzi iliigawa nuru, ikaangukia mikanda mitatu isiyo na rangi: mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Mikanda ikizeeka husinyaa, na haisinyai sawa. Ikipandanishwa vibaya unapata kile unachokiona kwenye kanga iliyochapwa ovyo: nyekundu imeteleza nje ya mstari. Hapa mistari imekaa.

Ukitaka kupima, nenda pale Mary Kate, yaani O'Hara, anapotokea mara ya kwanza, anachunga kondoo kivulini, sketi nyekundu, juu bluu. Anaondoka huku bado anamtazama mgeni, yaani John Wayne, atakayekuwa mumewe. Simamisha picha hapo. Kwenye nakala mbovu nywele zake huwa rangi ya karoti na majani hugeuka manjano. Humu nywele ni nyekundu iliyoiva, na ndani yake unaona sehemu iliyo gizani na sehemu iliyopigwa na jua. Wapiga picha Winton Hoch na Archie Stout walipewa Oscar kwa kazi hii, na hawakupendelewa.

TV yako inaweza kuharibu yote hayo. Shika rimoti, toa ile hali ya rangi kali, weka hali ya sinema. Zima kulainisha mwendo, shusha ukali wa picha karibu na sifuri. Pia usiivute picha ijaze kioo. Ilipigwa karibu mraba, kwa hiyo pembeni patakuwa na weusi. Ukiivuta, John Wayne ananenepa bila kula.

Haya, bibie mwenyewe. Alizaliwa Ranelagh, Dublin, 1920, kwa jina la Maureen FitzSimons, akasomea uigizaji Abbey Theatre. Alipochukua uraia wa Marekani mwaka 1946 alikataa kuandikwa kuwa ametoka Uingereza. Alidai iandikwe Ayalandi. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mwaka 1951, filamu ilipopigwa kule Cong, wilaya ya Mayo, alicheza kama mtu anayedai haki yake. Wadogo zake wawili wa kiume, Charles na James, nao wamo.

Hapa pana jambo litakalomchanganya mtazamaji wetu. Ugomvi wote ni juu ya paundi 350 na fanicha, na mtu atasema "mahari". Siyo. Mahari yetu hutoka kwa mume. Hii ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kutoka kwao, na kaka yake ameikalia. Mume, aliyekulia Marekani, haoni maana yake, anasema pesa hazitaki. Mary Kate anamnyima unyumba, kwa sababu bila vitu vyake anajiona kaingia kama mtumishi. Halafu anakwenda mtoni kumweleza padri. Aibu inamshika, anaomba aseme kwa Kiayalandi. Sauti inashuka, maneno yanakimbia, na padri anaropoka kuuliza mfuko wa kulalia ni nini. Pesa zinapopatikana, anayefungua mlango wa tanuri la mashine ni yeye mwenyewe, mume anazitupia motoni. Mkono wake pale kwenye mlango unamaliza kesi nzima.

Kasoro zipo. Baadhi ya mandhari ni ya studio Hollywood na inajulikana: nuru haifanani, nyasi hazifanani. Na ile sehemu ya kuburutwa shambani, huku mwanamke wa kijiji akimpa mume fimbo ya kumpigia, imechacha. Ilikusudiwa kuchekesha, leo inakwaza, na sioni haja ya kuitetea.

Kwenye nyongeza, ruka moja kwa moja hadi kumbukumbu ya O'Hara wanayosimulia waigizaji Hayley Mills, Juliet Mills na Ally Sheedy. Kisha maelezo ya Joseph McBride, mwandishi wa wasifu wa Ford, ukiwa na saa mbili na dakika tisa za kuirudia filamu.

Na usizime mapema. Mwishoni kabisa O'Hara anamnong'oneza Wayne sikioni, na mshtuko wa Wayne ni wa kweli. Maneno aliyopewa na Ford hakuyatoa hadharani hadi alipofariki, Oktoba 2015, akiwa na miaka 95.