Meza ya vitabu vikuukuu karibu na stesheni ya Tabora

Mzee anayeuza vitabu vilivyokwisha kutumika chini ya mwembe, hatua chache kutoka stesheni, amenirudishia hamu ya kusoma niliyokuwa nayo nikiwa na miaka tisa, nilipokuwa nikisoma kwa mwanga wa kibatari mpaka mama aje kukizima. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na baadaye Tabora ikawa njia panda ya wasafiri wa Kigoma na Mwanza, na baadhi yao, wakisubiri treni, humwachia mzee huyu kitabu walichokimaliza na kuchukua kingine kwa kuongeza fedha kidogo.

Nilinunua kitabu cha hadithi za watoto kwa shilingi 2,000. Jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi wa viatu, na katika ukurasa wa kwanza palikuwa na jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa penseli, likafutwa, kisha likaandikwa tena kwa herufi kubwa zaidi. Nilisimama nikisoma hadi miguu ikachoka. Mzee alinisogezea kigoda, akasema, “Kaa, mwanangu, usome.”

Vitabu havikupangwa kwa utaratibu wowote, na kimoja nilichonunua awali kilikosa kurasa za mwisho, ingawa alinibadilishia bila ubishi. Wakati wa mvua hufunga mapema kwa sababu turubai linavuja, jambo linalonisikitisha, kwani karatasi ikishalowa haina dawa. Jumamosi nitampeleka binti yangu, achague mwenyewe.