Ufadhili wa Uzamivu wa OWSD kwa Wahandisi Wanawake: Tathmini ya Msimamizi Aliyebaki Nyumbani

Kila tangazo la ufadhili huu linapotoka, wahadhiri wasaidizi wa kike wa vitivo vya uhandisi huniuliza maswali yale yale: je, unafaa, unalipa nini, na mtoto atabaki na nani? Nimeona ni afadhali niyajibu yote mahali pamoja. Mimi mwenyewe sikuwahi kunufaika nao. Ninauzungumzia kama mhadhiri wa uhandisi wa maji na mazingira ambaye amekaa na waombaji kadhaa wakati wa kuandaa maombi yao, na ambaye sasa ni msimamizi wa nyumbani wa mwanafunzi wa uzamivu anayesoma kwa kwenda na kurudi. Nafasi hiyo ya kubaki nyumbani imenionyesha mambo ambayo mnufaika mwenyewe, akiwa mbali, huenda asiyaone.

OWSD ni shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Liliasisiwa mwaka 1987, makao yake yako Trieste nchini Italia chini ya mwavuli wa UNESCO, na ufadhili wake wa uzamivu umekuwa ukitegemea kwa sehemu kubwa fedha za Sida, shirika la maendeleo la Sweden. Anayestahili ni mwanamke mwenye shahada ya umahiri katika sayansi au uhandisi, anayetoka katika mojawapo ya nchi zaidi ya 60 ambazo shirika linaziona ziko nyuma kisayansi, na aliye tayari kwenda kusoma katika nchi nyingine inayoendelea. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo katika orodha hiyo. Sharti la kusoma katika nchi nyingine inayoendelea huwakatisha tamaa waombaji wengine kabla hawajafungua fomu, kwa sababu bado tunaamini kwamba uzamivu wenye heshima ni ule wa Ulaya au Marekani. Kwa wahandisi imani hiyo ina asili yake. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, walimu wake wazalendo wa mwanzo walipelekwa ng'ambo, wengi wao Ujerumani, na waliporudi ndio walioifundisha nchi uhandisi. Wengi wao walikuwa wanaume, na sijapata kusikia kwamba aliyeondoka kwa miaka minne alitakiwa kueleza ni nani aliyebaki akiwalea watoto.

Kwa msomaji asiye mwanataaluma, inafaa kueleza kwa nini hatua hii ya uzamivu ndiyo inayowapunguza wanawake kuliko nyingine. Binti aliyehitimu uhandisi kwa wastani wa 3.8 au zaidi anaweza kuajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, na akipata umahiri kwa wastani wa 4.0 anakuwa mhadhiri msaidizi. Hapo njia huziba. Bila uzamivu hawi mhadhiri, na asipokuwa mhadhiri hawezi kusimamia wanafunzi wa uzamivu wala kuhesabiwa katika safari ya uprofesa. Sasa tazama umri: anafika hapo akiwa na miaka ishirini na minane, thelathini au thelathini na miwili, yaani katika miaka ile ile ambayo ndugu wa pande zote mbili wanauliza habari za mtoto wa kwanza au wa pili. Ufadhili wowote unaodai kuwasaidia wanawake, na usiojali jambo hilo, ni ufadhili wa kawaida uliopewa jina la kike.

Kwa kipimo hicho, kitu bora kabisa katika huduma ya OWSD ni mpango wao wa sandwichi. Mnufaika anaweza kuchagua kusoma muda wote katika nchi mwenyeji kwa muda usiozidi miaka minne, au kubaki mwanafunzi wa chuo cha nchini kwake na kwenda kwenye chuo mwenyeji mara moja hadi tatu, ziara ya kwanza ikiwa si chini ya miezi sita, na jumla ya miezi yote ya huko isizidi 20. Shahada anaipata nyumbani. Shirika lenyewe huwahimiza waombaji waufikirie mpango huu wa pili, nami nauunga mkono bila kusita, ingawa sababu zangu huenda zikatofautiana na zao.

Sababu ya kwanza ni ya kiuhandisi. Mwanafunzi ninayemsimamia anashughulikia kuondoa madini ya floridi katika maji ya visima vya mkoa wa Arusha kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru kuna vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Meno ya kahawia ya wenyeji yanatosha kuwa ushahidi. Uwezo wa mkaa kuinasa floridi hutegemea namna mifupa ilivyochomwa. Moto ukiwa mdogo, maji hubaki na harufu na ladha ya mfupa. Moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu yake. Kuupata moto wa katikati kunahitaji kupima vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, vya mkaa kwa mashine ambayo idara yetu haina, ilhali mifupa, tanuri, visima na akina mama watakaoutumia mtungi wa kuchujia maji hayo wote wako hapa. Utafiti wa namna hii ukihamishiwa nje kwa miaka minne unakuwa zoezi la maabara tu. Kwa mpango wa sandwichi, swali linabaki nyumbani na sampuli ndizo zinazosafiri. Sidhani kama walioutunga mpango huu walikuwa wakiwafikiria wahandisi, lakini umetukaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyetu.

Sababu ya pili ni mtoto. Miezi sita ni mirefu kwa mama mwenye mtoto mdogo, na sitaki kuipamba. Hata hivyo bibi anaweza kuja kukaa miezi sita. Hawezi kuja kukaa miaka minne. Familia zetu zina utaratibu wa kusaidiana kwa vipindi, kama inavyofanyika mama anapojifungua, na ufadhili unaokuja kwa vipindi unaingia katika utaratibu huo bila kuuvunja. Mwanafunzi wangu alipokwenda mara ya kwanza, mama mkwe wake ndiye aliyefungasha virago akaja mjini, na mazungumzo ya kumshawishi yalichukua jioni moja. Angeambiwa miaka minne, nadhani tungekuwa bado tuko kwenye vikao.

Tuje kwenye fedha. OWSD hulipa posho ya dola 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya chakula na malazi katika nchi mwenyeji, nauli ya kwenda na kurudi, gharama za viza, mchango wa bima ya afya, ada ya masomo kwa makubaliano na chuo mwenyeji ambacho nacho hutarajiwa kuchangia, pamoja na fungu la kuhudhuria mikutano ya kisayansi ya kimataifa. Kwa mtu mmoja anayeishi chumba cha chuo katika nchi nyingi zinazoendelea, posho hiyo inatosha bila anasa. Kwa mama anayetaka kwenda na mtoto inabana, kwa kuwa chumba cha watu wawili na malezi ya mchana humaliza sehemu kubwa ya fedha kabla ya chakula. Jambo la kukumbuka, ambalo waombaji hulipita haraka, ni kwamba posho ni ya siku za huko. Ukirudi nyumbani katikati ya vipindi, unaishi kwa mshahara wako, na asiye na mwajiri anayeendelea kumlipa anapaswa kupiga hesabu hiyo mapema.

Hapo ndipo wengi hunitajia ufadhili wa Faculty for the Future wa wakfu wa Schlumberger, kampuni ya huduma za mafuta, ulioanza mwaka 2004, ambao nao ni wa wanawake wa nchi zinazoendelea wanaosoma sayansi na uhandisi. Kwa fedha, hakuna ulinganisho: wa Schlumberger hufuata gharama halisi na unaweza kufikia dola 50,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa uzamivu, na mwombaji anaruhusiwa kwenda vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani. Ningemshauri auombe yule ambaye hana majukumu ya nyumbani, aliyekwisha kupata nafasi katika chuo cha namna hiyo, na ambaye swali lake la utafiti halijafungwa na mahali. Ushindani wake ni mkali, na masharti yake yanampa uzito mwombaji anayeonyesha kwamba atarudi kufundisha na kuwavuta wasichana wengine katika fani. Mwenye kuweza aombe yote mawili, ila asiombe wa Schlumberger kwa ajili ya heshima ya jina la chuo peke yake.

Kasoro ya OWSD inayowagusa wahandisi zaidi ya wengine ni gharama za majaribio. Katika orodha ya stahili za mnufaika sikuona fungu la vifaa, kemikali au malipo ya kutumia mashine, ingawa mwanafunzi wa uhandisi hutumia fedha kwa kupima. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kufunga kompyuta yake akaondoka. Wetu analipia kila sampuli. Katika ziara ya kwanza, maabara mwenyeji, ambayo sitaitaja, ilimwambia mwanafunzi wangu kwamba mashine ni ya wote, kisha alipofika akakuta foleni ya wiki saba na ankara. Wiki saba katika miezi sita si jambo dogo. Tuliziba pengo kwa fedha za mradi mwingine wa idara, jambo ambalo si kila idara inaliweza. Tangu hapo nimejiwekea sharti: kabla mwombaji hajaomba barua ya awali ya kukubaliwa, amwandikie profesa mwenyeji amtajie mashine anazozihitaji kwa majina, idadi ya sampuli na nani atalipia, na jibu lije kwa maandishi. Profesa anayekwepa swali hilo kwenye barua atalikwepa zaidi ukishafika.

Kuhusu maombi yenyewe sina mengi. Yanafanyika mtandaoni na yanadai vyeti, wasifu, barua za wadhamini, pendekezo la utafiti na ile barua ya chuo mwenyeji, ambayo ndiyo huchelewa. Aanze kuitafuta miezi mitano au sita kabla. Asiende kuhamia nchi mwenyeji kwa matumaini kwamba ufadhili utamkuta huko, kwa maana mwombaji ambaye tayari yuko katika nchi hiyo kwa kawaida hahesabiwi kuwa anastahili. Nimemwona mmoja aliyepoteza nafasi kwa haraka hiyo, na inaniuma hadi leo kwa kuwa pendekezo lake lilikuwa zuri kuliko la aliyefaulu.

Malalamiko yangu makubwa zaidi hayaihusu OWSD hata kidogo, lakini yanaamua kama huduma yao itazaa matunda. Mpango wa sandwichi unadhani kwamba miezi ya nyumbani ni miezi ya utafiti. Katika vyuo vyetu, mhadhiri msaidizi akionekana koridoni amekwisha kupangiwa somo. Atafundisha kozi mbili, atasimamia mitihani, atazunguka viwandani kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na kwa kuwa ni mwanamke katika idara yenye wanawake wawili, ataingizwa katika kila kamati inayohitaji sura ya kike. Mwanamume aliyeko masomoni Stuttgart, Ujerumani, hapangiwi kamati. Kwa hiyo faida kubwa ya mpango, yaani kukaa nyumbani, inaweza kugeuka kuwa mtego wake, na mwanafunzi akarudi kwenye ziara ya pili bila sura hata moja iliyoandikwa. Laiti OWSD wangedai, pamoja na barua ya chuo mwenyeji, barua ya mwajiri inayotaja saa za kufundisha ambazo mnufaika hatapangiwa zaidi ya hizo. Hawangetumia hata senti moja, na wakuu wa idara huheshimu karatasi iliyotiwa saini kwa ajili ya mfadhili kuliko wanavyoheshimu ombi la mdomo la msimamizi.

Baada ya shahada, shirika lina ufadhili mwingine kwa wanawake wenye uzamivu walioko mwanzoni mwa kazi katika nchi hizo hizo, unaoungwa mkono na IDRC, kituo cha Kanada kinachofadhili utafiti wa maendeleo, na unaofikia dola 50,000. Huo ndio unaoruhusu kununua vifaa na kujenga kikundi cha utafiti nyumbani, na kwa mhandisi ndio unaokamilisha ule wa kwanza. Anayeomba uzamivu leo ausome pia, ili achague tangu sasa utafiti utakaoweza kukua kuwa maabara yake mwenyewe.

Kwa mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa, mwenye familia na mwenye swali la utafiti lililoota mizizi hapa kwetu, sijauona ufadhili unaomfaa kuliko huu. Kwa asiye na ajira, au ambaye idara yake haitampunguzia vipindi, aufikirie ule wa muda wote au autazame wa Schlumberger. Mwanafunzi wangu anaondoka tena mwezi ujao kwa miezi minane. Safari hii tumeweka nafasi ya mashine kabla ya kukata tiketi, sampuli 40 zimefungwa na kuandikwa namba, na mama mkwe amekwisha kupiga simu kuuliza ni basi gani linafika mapema.