Uzoefu wangu: Hiace ililia mbele miezi miwili, mzee wa Temeke ndo kaipata

Wakuu habari zenu. Nina Hiace ya 2007, asubuhi na jioni inabeba watoto wa shule kutoka Mbagala, mchana inapiga mizigo midogo midogo. Ikaanza kulia mbele kushoto, ukiingia barabara ya vumbi ni kokoko kokoko kama mtu anagonga bati, na ukiwa umesimama unakunja steringi kutoka paking inalia kriiii halafu kok, moja tu, unaisikia mpaka kwenye viganja. Ingekua mizigo tu ningevumilia, ila watoto wa watu 14 nyuma, jamani usiku nilikua silali.

Gereji ya kwanza hawakuniuliza hata swali moja. Dogo kalitikisa gari mara mbili kasema shokapu zimekufa, nikafunga mbili mpya za mbele 180,000 pamoja na ufundi, natoka getini tuta la kwanza kokoko ileile. Kurudi wananiambia basi itakua raki ya steringi (ule mtambo wa chini unaosukuma matairi yakunje), wanayo used ya Dubai 450,000. Nikakataa. Iliniuma kweli, hiyo ni ada ya mwanangu.

Dereva mwenzangu ndo akanielekeza kwa mzee mmoja Temeke, kuangalia tu anachaji 25,000 na ukimpa kazi anaikata kwenye ufundi. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia, akaanza maswali kabla hajashika spana: inalia zaidi ikiwa tupu au na abiria? Ukikanyaga breki inanyamaza? Mvua ikinyesha je? Hapo kwenye mvua nikashtuka maana kweli, ikilowa ile kriiii inapotea siku nzima halafu inarudi. Akasema basi kuna kitu kimekauka grisi.

Tukatoka nayo, kioo kimeshushwa, akaniambia nitembee taratibu karibu na ukuta mrefu wa godauni, sauti inagonga ukuta inamrudia, akajua ni upande gani na ni mbele kabisa. Tuliporudi akafungua stabilaiza linki ya kushoto (kijiti cha chuma kinachoshikilia ile nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) akaifunga pembeni kwa waya, akasema nenda kapige raundi kwenye yale mashimo. Kokoko hamna! Kitu kidogo vile, na mimi nimeshanunua shokapu mbili.

Ile kriiii aliitafuta tofauti. Gari chini kwenye matairi yake, injini inawaka, kijana wake anakunja steringi kushoto kulia polepole, yeye kalala chini kaweka vidole kwenye kila jointi moja moja, tairodi na rakiendi (vyuma vinavyotoka kwenye raki kwenda tairini), boli jointi (kifundo cha mviringo kinachoshika tairi huku likikunja) ya juu, ya chini. Akaniita: "Kijana wangu njoo ushike hapa." Boli jointi ya chini ilikua inakwaruza ukishika unaisikia kabisa, mpira umechanika, grisi imeisha ndani ni kutu nyekundu tupu. Akapiga jeki chini ya amu (mkono wa chuma unaoshika tairi), akaingiza mtaimbo, inacheza. Hiyo ikichomoka barabarani tairi linalala, nilikaa kimya dakika nzima nikiwafikiria wale watoto. Raki ilikua nzima haina shida yoyote.

Nimefunga linki mbili 40,000, boli jointi za chini mbili 110,000 (ya kulia alisema bado ina maisha, ni mimi niliyetaka ibadilishwe), ufundi 50,000, alaimenti (kunyoosha matairi) 30,000. Jumla 230,000, na spea tulienda kuzinunua wote Kariakoo, hakuniongezea hata mia.

Kasoro zake zipo. Yuko taratibu sana, nilifika saa 1 asubuhi nikatoka saa 10 jioni, siku hiyo watoto nililipia gari nyingine. Simu yake haipokelewi, inabidi uende mwenyewe. Risiti anaandika kwa mkono kwenye kikaratasi, kwa mwenye kampuni hiyo ni shida.

Ila nitarudi kwake. Wiki ya tatu hii steringi ni laini, mbele kimya kabisa, na sasa kwa vile mbele kumenyamaza ndo nasikia nyuma kuna kwichi kwichi kwenye matuta, alishaniambia mapema bushi (mipira) za springi za nyuma zimeanza kuisha lakini hazina haraka, nisubiri nipate hela. Jumamosi watoto hawaendi shule, naenda.