Chesisi (bamba la chini linalobeba sehemu zote) ya bagi, kigari cha kuchezea cha rimoti: nyuzi za kaboni au alumini?
Kwa wepesi, kaboni haina mpinzani: sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 1.6, alumini 2.7. Lakini kuikata mwenyewe kunataka uangalifu. Vaa barakoa, lowesha bamba ili vumbi lisiruke, maana linadhuru mapafu. Kisha piga msasa kingo na uzipake supagluu. Ukiziacha wazi, tabaka huanza kuachana hapo hapo panapogonga jiwe, na bamba likishapasuka ni la kutupa. Alumini ikigongwa hupinda, na mara nyingi inanyooka tena. Bei yake pia ni nafuu. Zote mbili hupitisha umeme, kwa hiyo nyaya zisichubuke. Kwa uwanja laini wa mashindano ningechonga kaboni. Kwenye mawe, alumini nene.