Galaxy Tab S6 Lite kwa kuchora vekta: nimeitumia miezi saba hapa Mbeya

Wakuu, wengi mmeniuliza hizi logo na stika nachorea nini, basi ngoja nimwage yote hapa. Ni Samsung Galaxy Tab S6 Lite, ile ya inchi 10.4, nilichukua mtumba kwa laki tano na peni yake ikiwepo, na programu ninayoshinda nayo ni Infinite Design.

Kwanza kwa nini vekta. Kuna mama mmoja wa Tukuyu anafungasha parachichi, alitaka stika ya sentimita mbili ya kubandika kwenye tunda, na mchoro huohuo ukae kwenye bango la mita tatu pale anapokusanyia mzigo. Ningechora kwa pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi, kwenye bango vingeonekana vibokisi tu. Vekta inatunza hesabu ya mstari, umeanzia wapi, umepinda vipi, umeishia wapi, kwahiyo hata uukuze ujae ukuta wa ghala kingo zinabaki safi vilevile.

Sasa peni, na hapa ndo roho yangu ilipo. Miaka yote nilikuwa nachora kwa mausi kwenye Inkscape, programu ya vekta ya kompyuta, unaweka nodi (vile vituo vinavyoshika mstari), unavuta vishikio vyake vya kupindia, unaweka nyingine, kazi inatoka safi ila imepoa, huoni mkono wa mtu ndani. Lile parachichi nililianzia kwenye kikonyo, nikagusa kioo kidogo tu mstari ukaja mwembamba kama uzi, nikashuka tumboni huku nakandamiza ukanenepa, nikalegeza tena kule chini, mkupuo mmoja tu limeisha! Peni inasoma ngazi 4,096 za mkandamizo, na haina betri kabisa, inapata nguvu kutoka kwenye kioo chenyewe, yaani hakuna kuichaji. Tableti ina betri ya 7,040 mAh, umeme ukikatika mchana mimi naendelea na kazi, zamani ningekuwa nimekaa naangalia kompyuta imezima.

Ila ukichora kwa mkono, mkono ukitetemeka mstari nao unatetemeka, na nodi zinazaliwa bila hesabu. Jani la kwanza nililochora nilivuta polepole kwa kuogopa kukosea, nikaja kulifungua nikakuta nodi zimejazana kama siafu, na mashine ya kukatia stika inafuata kila kona, ukingo ukatoka na meno meno. Dawa yake ni kuvuta mstari mrefu kwa haraka, uchore kwa kiwiko sio kwa vidole, ukikosea futa urudie. Mimi huwa natoa faili la SVG, yaani faili la vekta, nalifungua Inkscape, nachagua mstari nabonyeza Ctrl na L, nodi zinapungua palepale, halafu zilizobaki nazinyoosha mwenyewe. Usibonyeze mara nyingi maana umbo nalo linaanza kupotea.

Kitu kingine, ule mstari mwembamba uliopendeza kwenye kioo ukiuprinti kwa sentimita mbili hauonekani. Ndo maana ya stika niliichora upya, mistari minene na jani moja badala ya matatu. Vekta inakuza na kupunguza vizuri sana lakini jicho la mteja lina mwisho wake. Na rangi: kioo kinatoa RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu, printa inatumia CMYK, yaani wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kijani changu kikang'aa kwenye tableti kikatoka kimefifia kwenye karatasi, siku hizi naprinti kipande cha majaribio kwanza kabla mteja hajalipia stika mia tano.

Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi la huku mnalijua, vidole vinakuwa vigumu na kiganja kinanata kioo. Nimekata glovu ikabaki ya vidole viwili vya mwisho, kiganja kinateleza vizuri, jaribuni.

Kama unaanza na una hela ya kubana hii inatosha kabisa, usisubiri upate ya milioni mbili. Ila protekta za kioo zile zenye mkwaruzo kama karatasi nunua nzuri, mimi nilichukua ya bei chee ikanilia ncha ya peni ndani ya wiki tatu, nikaibandua nachora kioo kitupu. Mwenye kujua zinakouzwa ncha Mwanjelwa au Kabwe aniandikie hapa chini, nimebakiwa na mbili.