Walijua ile B inakwama

Nyota moja, kwa kikundi cha watu wanaokutana kupigiana piano. Naanza nayo ili asiye na muda aondoke nayo mapema, wenye muda tukae kitako.

Habari za hawa watu nilizipata dukani kwangu. Dada mmoja alikuja kununua rangi ya ukuta, akaona vidole vyangu vinachezacheza juu ya kaunta, akauliza, "Mama, wewe unapiga kinanda?" Nikamwambia napiga usharikani tangu usichana. Basi akanieleza: kuna nyumba Shanty Town, hapa Moshi, Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi jioni, watu wanakutana kupigiana piano. Si wanamuziki. Ni daktari, mhasibu, mstaafu, mwanafunzi. Kila mtu anapiga kipande chake, wenzake wanamsikiliza, mnakunywa chai, mnatawanyika. Hakuna jaji, hakuna cheti, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Na piano yenyewe ni piano ya kweli, ya mbao na nyuzi.

Hayo maneno "piano ya kweli" ndiyo yaliyoniponza. Maisha yangu yote nimepiga kibodi ya umeme. Ya nyumbani ina vibonyezo 61, vyepesi kama rimoti ya televisheni. Piano ina 88, na kila kimoja kinarusha nyundo ikagonge uzi. Ukibonyeza kwa woga inakujibu kwa woga, ukibonyeza kwa hasira jirani anajua. Aliyenifundisha ni mwinjilisti wa mtaa wetu, kwa solfa, ile ya do, re, mi. Nota za mistari nimejisomesha mwenyewe baada ya kupita miaka arobaini, kwa video za simu, usiku, duka limefungwa, hedifoni masikioni ili baba watoto alale. Nasema haya ili mjue nilikwenda pale na moyo wa namna gani.

Miezi mitatu nilijiandaa. Nilichagua prelude, yaani kipande kifupi, ya mtunzi Chopin, ile ya E maina, namba nne katika zile 24 alizotoa mwaka 1839. Ni ukurasa mmoja, wa polepole, hauna maringo. Mkono wa kushoto unagonga sauti zilezile kwa pamoja, zinashuka kidogokidogo kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wa kulia hauna kazi kubwa, nota mbili tu: B, C, B, C, B. Mwanzoni ni hayo tu. Iwekeni akilini hiyo B.

Siku yenyewe ilikuwa masika yale ya kwelikweli, mlima hatujauona wiki nzima, bajaji imeniacha getini nikaogelea tope hadi barazani. Mlangoni dada ana daftari: shilingi 10,000, ya chai na ya mfuko wa piano. Sikatai. Kwangu hiyo ni faida ya mifuko kama kumi ya saruji, lakini sikatai. Viatu vikavuliwa kwa sababu ya zulia. Kwa hiyo nilikuwa nikanyage pedali kwa soksi mbichi, na hilo nalo nalisamehe.

Kwanza nitoe haki yao. Kusikilizwa na watu wale si sawa na kusikilizwa kanisani. Kanisani mpiga kinanda ni kama feni: watu wanakukumbuka ukizimika. Pale watu kumi na tano hivi wanakaa, mikono mapajani, wanakusikiliza wewe, kwa sababu kila mmoja zamu yake inakuja au imetoka kupita na jasho halijakauka. Alipiga mtoto wa miaka kama kumi, miguu haifiki chini vizuri, na katikati ya kipande umeme ukakatika. Hakusita. Wala hakuna aliyemwambia asubiri. Simu mbili zikawashwa tochi, kimya, zikamulika vibonyezo, mtoto akamaliza. Pale nilijisemea, hawa ndio watu wangu. Nilikuwa tayari nyota tano, na ya sita ningeiomba.

Mhasibu akapiga. Dada wa rangi ya ukuta akapiga. Daktari kijana akapiga kitu chenye mbio. Sikio langu la kwaya likawa linaona jambo bila kulitilia maanani, ufunguo wa kila kipande: F. Halafu tena F. Halafu B flati meja. Halafu F. Nikadhani ni mapenzi tu, kama kwaya zinavyopenda kuimbia G.

Zamu yangu ikafika. Kile kiti kilikuwa juu mno, nikaona aibu kuomba kishushwe. Nikaanza. B ya chini, halafu B ya juu, ile inayofuata juu ya C ya kati. Ikalia. Jamani, ililia! Sauti ya uzi haifanani na sauti ya spika. Ilitoka kwenye mbao ikanipanda mikononi. Kidole kikaenda C. Kikarudi B.

Kikakuta shimo.

Kibonyezo kilikuwa kimelala chini kama pengo la jino, hakijainuka. Nikakibonyeza kilichokwisha bonyea. Kimya. Mkono wa kushoto unaendelea kushuka ngazi zake, wa kulia hauna la kusema. C inalia, B kimya, C, kimya. Mnaoujua wimbo huu mnajua kwamba ukiitoa hiyo B hakuna wimbo, kuna mtu anagonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Sasa, mpiga kinanda wa kanisani hanyamazi. Mchungaji akichelewa kufika madhabahuni, unajaza. Kipaza sauti kikikoroma, unajaza. Mikono yangu haikuniuliza: ikahamia G meja, ikapita C, ikapita D, ikarudi G kwa upole, ikafunga na Amina ndefu ya sauti nne. Nilijisikia ninavyofanya, sikuweza kujizuia.

Ndipo mratibu, kijana wa makamo mwenye miwani, kutoka kiti cha mbele, mguu juu ya mguu: "Mama, hapa siyo ibadani. Sadaka tumeshatoa mlangoni."

Wakacheka. Wote. Hata yule mtoto.

Nikainuka. Nikasema, "Hiki kibonyezo kinakwama." Na mratibu, bila hata kuona haya, akasema, "Ee, hiyo B ina matatizo masika yote hii, wenyeji tunaikwepa." Tunaikwepa! Ndipo zile F zote zikanirudia kichwani. Kwenye F meja, B ni flati, yaani unabonyeza cheusi cha kushoto kwake. Ile B nyeupe huigusi ukitaka. Watu kumi na tano walijua. Dada wa daftari alijua wakati ananiandikia "Chopin, E maina" kwa mwandiko mzuri. Walinitazama nikienda kukaa kwenye kiti kama mgeni anayeonyeshwa kiti chenye mguu mbovu.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi, mbao nazijua. Masika mlango wa mninga unavimba, unaupiga teke ndiyo ufunge. Kibonyezo cha piano ni kipande cha mti kinachocheza juu ya pini, na pale pinini kimevishwa kitambaa cha sufu. Unyevu ukiingia, mti na kitambaa vinavimba, vinaishika pini, kinashuka hakipandi. Siyo uchawi wala siyo siri ya Ulaya. Wangebandika kikaratasi: B INAKWAMA. Karatasi na gundi, havifiki hata shilingi 500. Basi, nyota moja. Na hiyo ni kwa ajili ya maandazi.

Usiku sikulala. Jibu zuri lilinijia saa nane, kama kawaida ya majibu mazuri. Ningemwambia: ndugu mratibu, Chopin alipokufa mwaka 1849, kwenye mazishi yake Paris, kanisa la Madeleine, kipande hikihiki kilipigwa. Kwa kinanda cha kanisa! Kwa hiyo ukisikia kina harufu ya ibada, mimi sikukosea nyumba, wewe ndiye hujui kimeshapita wapi. Nilimwamsha baba watoto nimwambie. Akasema, "Mwambie yeye," akageukia ukutani.

Hasira ikipoa kidogo, lakini, ukweli mwingine unatokea, na nisipouandika nitakuwa nimewasingizia. Baada yangu alikaa mzee mmoja mstaafu, sweta la kijivu, mikono inatetemeka hadi alipoiweka kwenye vibonyezo. Akapiga kipande chepesi cha G. Cha G, makusudi, chenye B kila baada ya hatua mbili. Na kila akiigusa, kidole kinachofuata kinapita chini ya mdomo wa kibonyezo na kukinyanyua, tap, kama mtu anayebandua chapati kwenye kikaango, bila kuharibu mwendo. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nadhani nilikuwa mimi peke yangu niliyetazama mkono badala ya kusikiliza. Alipomaliza akaniita: "Njoo mwanangu, nikuonyeshe inapotaka kushikwa." Nikamwamkia, akanishika kidole akakiweka pale chini ya ukingo. Mbao ilikuwa imelainika mahali hapo. Maana yake vidole vimepita pale masika mengi.

Akasema, "Haya, rudia chako." Na mratibu, huyohuyo, akasema, "Rudia mama, tunakusikiliza," na nikimtazama sasa kwa akili ya mbali naona hakuwa anacheka. Nikawajibu kwamba nina wateja wananisubiri dukani. Jumamosi saa kumi na mbili, mvua inanyesha, wateja! Nikavaa viatu vyangu vya tope nikaenda zangu. Kwa hiyo hilo la kutopiga, haki ya Mungu, sehemu yake ni yangu.

Na ule utani wa sadaka. Nimeurudia hapa dukani kwa kijana wangu wa mauzo nikitegemea akasirike pamoja nami. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo ya rangi. Sawa. Ulikuwa na chumvi yake. Ila mtu mzima humtanii aliyeanguka kwenye shimo ulilolijua wewe.

Kuhusu mfuko wa piano: niliuliza kwa ujumbe, fedha zetu zinakwenda wapi ikiwa kibonyezo kimoja kinawashinda. Mratibu akajibu kwa urefu, na inaniuma kusema alijibu vizuri. Fundi wa kutyuni, yaani wa kuzirudisha nyuzi kwenye sauti zake, anatoka mbali, nauli na malazi juu yao, na wanamsubirisha mvua ziishe kwa sababu masika ule ubao mpana ulio nyuma ya nyuzi nao unavimba, unazivuta, sauti inapanda. Ukityuni sasa, kiangazi kikija yote inashuka tena na fedha imeliwa. Nikaona mantiki. Hata mimi simuuzii mtu mlango akaupigie randa mwezi wa nne. Pia, kama tunasema ukweli, Chopin mwenyewe alizimalizia hizo prelude kisiwani Majorca, mvua inanyesha, na piano mbovu ya pale kisiwani, kwa sababu yake mpya, ya kiwanda cha Pleyel, ilikuwa imekwama forodhani wanadai ushuru. Mtu yeyote mwenye mzigo bandarini Dar ataelewa ule ukurasa una huzuni ya nini. Nikawapandisha nyota mbili na nusu.

Kisha nikamwandikia mratibu: basi bandikeni kikaratasi, mgeni mwingine asipate yaliyonipata. Akanijibu kwa kidole gumba. Wiki tatu za hasira yangu, kidole gumba! Nikawarudisha moja.

Hapo ndipo ningeishia, ila jana mzee wa sweta amenipigia simu. Sijui namba aliipata wapi, nadhani kwa yule dada wa rangi. Hakuongea habari ya sadaka wala ya B. Aliniuliza kama najua kuhamisha wimbo, kama tunavyofanya kanisani waimbaji wakishindwa kufika juu. Nikamwambia, mzee, hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema, "Basi kipandishe nusu sauti, kipige kwa F maina. B yako itakuwa C."

Nimejaribu jana usiku, bila kubonyeza kile kitufe cha kuhamisha, kwa vidole tu. C, D flati, C, D flati, C. Ile B mbovu bado inajitokeza hapa na pale, lakini haisimami tena mlangoni kuzuia watu. Mkono wa kushoto ndio unaonitesa, ngazi zote zimehama mahali.

Nimemtumia dada wa daftari jina langu. Niko namba tatu, baada ya daktari. Sehemu ya kipande nimemwambia aandike "Chopin, F maina", na kama mratibu atauliza hiyo ipo wapi duniani, amwambie aje mapema. Nyota tutazungumza nikirudi.