Jengo jipya la sanaa chuoni: macho yamefikiriwa, masikio yamesahauliwa

Nimengoja hasira ipoe kabla ya kuandika. Haikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Kikundi chetu cha tamthilia za Kiswahili hapa Kampala kilikodi ukumbi katika jengo jipya la sanaa za maonyesho na fasihi la chuo kikuu kimoja. Sitalitaja, wanaolijua watalijua kwa vioo vyake. Tulikuwa na onyesho la kuambatana na Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya Julai 7. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, tunapata watazamaji ambao hatukuwa nao zamani, na wengi wao bado wanajifunza. Mtu anayejifunza lugha hawezi kubahatisha silabi zilizopotea. Ukimmezea neno moja, sentensi nzima imemponyoka.

Sasa ingia kwenye huo ukumbi. Mbele jukwaa, nyuma kabisa, mkabala na jukwaa, ukuta mzima wa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Unaona bustani, unaona vilima, unaona jua likizama. Kuuona ni raha. Kuongea ukiutazama ni adhabu.

Mwigizaji wetu wa nafasi ya mama mkwe alisimama akasema, "Mwanangu, umekuja na nani?" Sauti ikaenda hadi kwenye kioo, ikarudi, ikamkuta bado yuko kwenye silabi iliyofuata. Hesabu yake haihitaji shahada: sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde, na kwa makadirio yangu kwenda na kurudi ni mita 40, kwa hiyo neno linarudi baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, ndogo ya kutosha kulikalia neno linalofuata. Juu ya hapo sakafu ni vigae vitupu, kuta plasta laini, dari ngumu. Hakuna pazia zito, hakuna zulia, hakuna kitu cha kuinyonya sauti ikachoka. "Nani" ikawa "nananini". Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.

Askari wa getini, mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baadhi yetu, alikuwa amekaa safu ya nyuma akitutazama. Nikamwuliza, "Afande, unatusikia?" Akafikiri kidogo. "Mwalimu, kelele ya maneno naisikia. Maneno yenyewe siyasikii."

Tukamwita msimamizi wa majengo. Akaja na funguo mkononi, hakusalimia. Nasema tena kwa sababu limenikaa rohoni: aliingia kwa watu wazima, wengine wana wajukuu, hata habari za kazi hakuuliza. Nikamweleza shida. Akajibu, "Si mtumie maiki? Kila mtu hapa anatumia maiki." Kisha macho yakamtua kwenye amadinda yetu, ala ya Kiganda ya mbao za kupigwa, ambayo kama mjuavyo mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya mgomba. "Na haya matakataka ya shambani yatoke kwenye vigae vyangu."

Vigae vyake! Katika jengo ambalo mlangoni limeandikwa sanaa za maonyesho, Buganda hii hii, amadinda inaitwa takataka za shambani. Na wachezaji wa ngoma ya runyege, wenye njuga miguuni, wangechezea wapi? Kwenye vigae hivyo vya kuteleza? Mguu mmoja ukipitiliza mnampeleka mtu hospitali.

Maiki tulijaribu, ili asiseme tumekataa. Maiki haitibu mwangwi. Unapaza sauti, na mwangwi nao unapaa sawa na sauti. Badala ya mama mkwe mmoja tukapata watatu, wote wanafoka.

Kinachoniudhi ni kwamba si elimu mpya. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg, Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, ambamo neno moja lilining'inia hewani sekunde tano na nusu. Akawa usiku anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na kazi hiyo tukajua kwamba jibu liko kwenye ukubwa wa chumba na vitu vinavyonyonya sauti vilivyomo. Kwa maneno ya kusemwa, sauti inatakiwa ife ndani ya sekunde moja hivi. Zaidi ya miaka mia baadaye, mapazia mazito tu yametushinda?

Lakini nisiseme uongo. Panda ghorofani kwenye madarasa ya fasihi na historia, utaona mbunifu huyo si mjinga. Pande ndefu za jengo zinatazama kaskazini na kusini, ndivyo inavyotakiwa huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta, jua la asubuhi na la jioni lisiwachome watu. Baraza ni pana, madirisha yanatazamana, upepo unapita. Hakuna feni inayowaka na hakuna anayesinzia. Ningefundisha pale maisha yangu yote. Ndiyo maana hasira inazidi: aliyejua jua linatoka wapi alishindwaje kujua sauti inaenda wapi?

Mwisho tulihamia uani. Kuna ngazi pana zinazoshuka kwenye nyasi, na nyuma ya nyasi ukuta wa matofali ya vitundu, wa jamii ile ya ukuta wa mbele wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza hapa mjini, lililofunguliwa 1959. Watu wakakaa ngazini, sisi tukawa chini yao, migongo yetu ukutani. Bila maiki. Mama mkwe akauliza, "Umekuja na nani?" na ngazi nzima ikaangua kicheko papo hapo, mpaka wale wanafunzi wa Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Amadinda ilitulia kwenye nyasi kama iko nyumbani. Sijawahi kuigiza mahali pazuri kuliko pale, na sijui kama mbunifu alikusudia au ilitokea tu. Kwa ua ule peke yake ningetoa nyota tano.

Nimezishusha hadi tatu. Ukumbi ambao hatukuutumia tumelipishwa wote, na amana yetu imekatwa "gharama za kuondoa utomvu wa migomba". Utomvu wa mgomba hautoki kirahisi, kweli, ila vigogo vyetu havikuwahi kugusa kigae: vilikaa juu ya turubai tuliyokuja nayo wenyewe, na picha ninazo kwenye simu. Nimeomba risiti ya huo usafi. Naambiwa mhusika yuko likizo.